Vifungo

Daktari alisema, "Miaka miwili na ushei,"
akafunga faili taratibu,
kama mtu afungaye mlango wa chumba alimolala mtoto.
Mimi nikasikia kifungo.
Miaka ishirini na mmoja naendesha tramu hapa Łódź,
vituo vyote navijua kwa macho makavu;
hiki hakikuwamo kwenye ramani.

Uboho, alisema. Chembe. Saratani ya damu.
Bożena akayaandika nyuma ya risiti ya mkate,
maana hatukuja na karatasi.
Tulidhani ni mafua yamegoma kwisha,
na michubuko ile ya miguuni, basi, ni michezo.

Usiku tukayasoma jikoni kama barua ya mdai,
tukayaficha kabatini, juu, nyuma ya sukari,
watoto wasiyafikie.
Nyumba ya vyumba viwili haifichi kitu.
Kajetan, wa miaka tisa, akaacha kula.
Tukasema: wivu huo, utapita.

Jumanne akaja muuguzi Wiesława,
na kikohozi chake cha sigara.
Hakutoa kijitabu. Akamgeukia mama yangu:
"Bibi Leokadia, si ulishona kiwandani wewe? Vifungo unavyo?"
Mama akashusha kopo la biskuti,
miaka thelathini ya vifungo,
akavimwaga kitandani, juu ya magoti ya Jagoda.

"Hivi vyekundu hubeba pumzi.
Hivi vidogo, vya shati la kitoto, huziba panapovuja.
Vyeupe ni walinzi.
Kiwanda chao kimo ndani ya mfupa.
Sasa mashine moja imeharibika:
inatema vyeupe, vyeupe, usiku na mchana,
na vyote havina matundu."

Mama akacheka kwa pua, cheko la fundi.
"Kifungo hakina tundu, kitafunga nini?"

"Ndiyo hivyo. Vimejaa sakafuni,
vile vizuri havina pa kupita."

Jagoda akapekua, akapanga, akafikiri.
"Na dawa?"
"Dawa inazima mashine zote, nzima na mbovu.
Ndiyo maana utachoka. Ndiyo maana nywele."
"Zitarudi?"
"Nywele, ndiyo."
Hakuongeza neno asilolijua.
Nilimheshimu kwa hilo
kuliko kwa yote aliyoyasema.

Kisha sauti mlangoni, nyembamba:
"Mimi nilimsukuma kwenye bembea. Oktoba.
Alianguka na mgongo.
Ndipo mashine ilipoharibika?"

Wiki tatu!
Wiki tatu kalibeba peke yake jiwe lile,
akaketi nalo mezani, akalala nalo,
na sisi twamsimanga kwa supu iliyopoa.

Wiesława hakumpapasa kichwa.
Akampa kifungo. "Kipige ukutani. Kwa nguvu."
Akakipiga. Kikadunda hadi chini ya kabati.
"Kilete. Matundu yamezibika?"
"Hapana."
"Basi bembea haiwezi. Wala maneno mabaya,
wala ile siku uliyotamani asizaliwe."
Hapo ndipo alipolia, mdomo wazi, bila haya,
na Jagoda akamsogezea nafasi kitandani:
"Nami nilikung'ata. Njoo."

Risiti ile tumeibandika mlangoni mwa friji.
Maneno hayajapungua ukali,
ila sasa yanakaa nasi mezani, tunayatazama usoni.

Kila siku ikipita, Bożena hushona kifungo kimoja
kwenye pazia la jikoni.
Vimefika mia na arobaini na mbili.
Pazia limekuwa zito, halivutiki tena;
majirani wa ng'ambo wanatuona tukila, tukigombana.
Na watuone.

Jana homa ilipanda. Saa tisa usiku tukarudi wodini.
Cha jana bado hakijashonwa.
Kimo mfukoni mwa koti langu la kazi,
nakigusa kila kituo, kabla ya kufungua milango.